Binti wa gauni la Jumanne naye ni mfanyabiashara wa mpakani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Namanga upande wa Tanzania, kabla malori hayajaanza kupiga honi, kuna binti husimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa nyuma ya kibanda cha shangazi yake. Anaegemeza simu kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatega sekunde kumi, anakimbia, anasimama. Picha ya kwanza amefumba macho. Ya pili bodaboda imepita katikati. Ya tano ndiyo inayofaa. Siku niliyomkuta alivaa sketi ya jinzi ya mtumba iliyovuka magoti, blauzi ya kitenge yenye mikono mipana, raba nyeupe na kilemba cha kitambaa kilekile cha blauzi. Chini ya picha akaandika kwamba leo ni Jumanne, sketi ipo moja tu na kiuno chake ni sentimita 76, blauzi inashonwa kwa oda siku tatu. Akaweka na bei, kwa shilingi za Tanzania na za Kenya. Ilipofika saa nne, sketi ilikuwa imeshalipiwa na mama mmoja wa Kitengela, ng'ambo ya Kenya.

Ana miezi minane tangu aanze. Wafuasi wake siku hiyo walikuwa 640. Hajawahi kualikwa kwenye hafla, hajawahi kupiga picha na msanii, na amenisihi nisitaje jina lake kwa sababu ambayo nitaifikia. Ukimwuliza anafanya kazi gani, anajibu kwamba anamsaidia shangazi kuuza nguo. Jibu hilo ni sahihi kabisa, na ndilo ambalo sheria za nchi zetu hazijataka kulisikia.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana wasomaji wengi wa gazeti hili mmezoea mzigo unaopimwa kwa robota na kilo, na mkisikia habari za wanablogu wa mavazi mnawaza wauza sura wa mjini. Hawa ninaowasema ni wengine. Wako Namanga, wako Busia, wako Mutukula na Rusumo, na wengi wana simu moja yenye kioo kilichopasuka kona. Wanachoonyesha ni mavazi ya kawaida: nguo ya kwendea sokoni, ya kwendea kikao cha shule ya mtoto, ya kukaa kwenye basi saa sita bila kukunjamana. Kiswahili cha vijana wa Tanzania kimeliona jambo hili mapema. Neno "kutupia" lina maana ya kuvaa ukapendeza, na pia lina maana ya kuweka picha mtandaoni. Kwa binti wa Namanga vitendo hivyo viwili ni kitu kimoja, hufanyika kabla ya chai.

Kwa nini picha yake inauza kuliko nguo ileile ikining'inia kwenye msumari? Kwa sababu mama wa Kitengela ameiona sketi ikiwa juu ya mwili wa mtu mwenye nyonga, amesimama kwenye vumbi analolijua, na amevaa raba badala ya viatu virefu. Ameona itakavyokuwa akiivaa yeye. Wiki iliyofuata sketi ya namna hiyohiyo ilivaliwa tena na shati la kiume la mtumba lililofungwa fundo mbele, kisha na dera lililokatwa likawa blauzi. Mteja ananunua nguo moja na kupata mavazi matatu. Mwenye kibanda anayetandika nguo kwenye turubai na kupiga kelele za bei hana namna ya kumweleza mteja hayo.

Mimi mwenyewe nilijaribu, kwa hiyo nisionekane nasifia nisichokijua. Miaka miwili iliyopita nilifungua ukurasa wa mavazi ya mwandishi anayehudhuria mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Nilidhani nina cha kusema: namna ya kuvaa koti moja jeusi siku tano za kikao cha mawaziri bila mtu kugundua. Nilidumu miezi minne. Wiki ya tatu nguo ziliniishia. Gauni la kijani likatoka bluu kwenye picha kwa sababu nilipiga chini ya taa ya ofisi. Bando la wiki lilikuwa likiisha Jumatano. Mbaya zaidi, watu hawakuuliza habari za koti langu wala busara zangu, waliuliza bei na mahali nilikonunua. Ilinichukua muda kukubali kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba mtu asiye na nguo ya kuuza amefungua duka tupu. Binti wa Namanga alijua hilo tangu siku ya kwanza. Za kwake mwenyewe ni chache; nyingine zote hutoka kibandani, anazifua, anazipiga pasi, anazivaa kwa dakika kumi za picha na kuzirudisha.

Sasa fuata njia ya ile sketi. Mama wa Kitengela alilipa kwa M-Pesa. Tangu 2015 mtu wa Kenya anaweza kutuma fedha kwa mtu wa Tanzania kwa mtandao huo moja kwa moja, lakini binti kama wenzake wengi wa mpakani ana laini mbili, moja ya kila nchi, ili mteja asikatwe ada ya kutuma nje. Fedha za Kenya zikijaa, shangazi anazitumia kununulia mzigo upande wa pili. Sketi yenyewe ilikunjwa, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, ikapewa mtu aliyekuwa anavuka kwa miguu, naye akaikabidhi kwa dereva wa matatu ya Kitengela. Nauli ya kifurushi alilipa mteja. Saa nane mchana alituma picha akiwa ameivaa.

Kila mmoja wenu anajua nilichokiruka hapo. Kati ya kibanda na matatu kuna Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, jengo kubwa ambalo marais wa nchi zote mbili walikuja kulizindua Desemba 2018. Sketi ilipita hapo mkononi mwa mtu kama nguo yake. Haikuandikishwa. Nilimwuliza binti kwa nini asitumie utaratibu rahisi wa biashara, ule wa wafanyabiashara wadogo. Akacheka. Utaratibu ule unamfaa mwenye bidhaa isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na cheti chake rahisi cha asili hutolewa papo hapo mpakani, lakini ni kwa bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Sketi ya mtumba ilizaliwa kwingine. Blauzi imeshonwa Namanga na fundi wa Namanga, ila kitambaa ni kitenge cha China, na hapo dirishani yanaanza maswali ambayo kwa blauzi moja hayana faida kuyajibu. Mwenye gunia la maharage ana mlango wake. Mwenye blauzi moja leo, mbili keshokutwa, hana. Utaratibu ulifikiriwa kwa mtu anayebeba mzigo kichwani, wala si kwa mtu anayetuma nguo mojamoja kwa wateja ambao hajawahi kuwaona.

Ndiyo maana nasema tatizo la binti huyu si soko. Soko analo. Tatizo ni kwamba serikali zetu zilipomwona kwa mara ya kwanza zilimdhania mtu mwingine.

Tanzania ilimdhania chombo cha habari. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni ambazo zilimtaka kila mwenye blogu aandikishwe: shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya ada ya kila mwaka. Jumla milioni mbili na laki moja, awe anaandika siasa au namna ya kufunga kilemba. Sasa kumbuka kilichotokea Desemba ya mwaka huohuo. Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni nne, na mwenye kitambulisho asisumbuliwe. Machinga aliyetandaza magauni chini alitambuliwa kwa elfu ishirini. Mwenzake aliyeyatandaza magauni yaleyale kwenye simu alitakiwa alipe mara mia moja na zaidi. Biashara moja, nguo zilezile, pengine hata robota moja lililofunguliwa siku moja.

Kanuni zile ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022. Lakini habari ya milioni mbili ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na hii ndiyo sababu ya binti kuficha jina. Mwezi wake wa tatu, jirani mmoja alimwambia kwamba wenye kurasa za mavazi wanatafutwa. Akafuta picha zote usiku ule. Shangazi akaenda ofisi moja kuuliza, akaambiwa aulize ofisi nyingine. Huko akaambiwa inategemea. Inategemea nini, hakuna aliyesema. Wiki mbili kibanda kilirudi kuuza kwa wapita njia peke yao. Aliporudi mtandaoni alikuta wateja wake wa Kajiado wameshapata mtu mwingine, na baadhi hawajarudi mpaka leo.

Uganda nayo ilimdhania mpiga soga. Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, akiuza au akisengenya. Kodi ile ilikimbiwa na wengi, ikaondolewa 2021, na badala yake ikawekwa asilimia 12 kwenye bei ya intaneti yenyewe. Picha tano za kupata moja inayofaa, na video ya kuzungusha gauni ili mteja aone mgongo, zote zinapita kwenye mita hiyo. Kenya ikamdhania nyota: sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui yake ya mtandaoni, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupigiwa kelele. Sina ugomvi na kumtoza kodi mtu anayelipwa na kampuni kubwa kwa ajili ya tangazo. Ninauliza tu binti aliyeko Busia, anayepewa kamisheni ya shilingi mia kwa kila gauni lililouzwa kwa picha yake, anaingia kwenye fungu lipi, na nani atamweleza kabla ya kumtoza.

Juu ya hayo limeongezeka jambo jipya. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, na miongoni mwake zimo biashara ya rejareja na ya jumla, uwakala wa fedha za simu, na hata usambazaji wa vifurushi ndani ya nchi. Kenya ililalamika, na mabishano yakafika kwenye meza za Jumuiya. Sitayarudia hapa. Ila fikiria upande wa binti wa Kikenya anayeishi Namanga ile ya pili, mita mia chache kutoka kwa huyu wetu. Yeye kibanda chake hakivuki, lakini picha yake inavuka kila asubuhi. Mwanamke wa Longido akiagiza gauni kwake na kulilipia, je, binti huyo amefanya rejareja Tanzania? Au mwanamke wa Longido ndiye aliyenunua Kenya? Kwangu jibu ni la pili, sawa na angevuka kwa miguu kwenda kununua. Lakini maoni yangu hayamlindi mtu kizuizini. Napenda swali hilo lijibiwe kwa maandishi hapa Arusha, na watu wa Soko la Pamoja tuliloanza Julai 2010, kabla halijajibiwa barabarani na ofisa aliyeshika simu ya binti wa watu akipekua ujumbe wake.

Nikiyasema haya hunijia hoja moja kila mara, hasa kutoka kwa maofisa wa biashara: kwamba mabinti hawa wanatangaza mitumba, na mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Ni hoja nzito na siidharau. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mama alikuwa na vitenge vya Urafiki na alivitunza kama hati za shamba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Ni Rwanda peke yake iliyokaza: ushuru wake ulipanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na Marekani ikajibu Julai 2018 kwa kuyanyima mavazi ya Rwanda nafuu ya kuingia kwake bila ushuru. Wengine tukalegeza. Kenya ilizuia mitumba kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, kisha ikaifungulia. Rais Museveni alitangaza Agosti 2023 kwamba anaipiga marufuku kwa kuwa ni nguo za wafu, na robota zinaendelea kufunguliwa Owino.

Lakini mtazame tena yule binti ukutani. Juu kavaa kitenge kilichoshonwa na fundi wa mtaani, chini mtumba. Nilikaa naye nikahesabu picha zake za mwezi mmoja, na karibu zote zina kitu kimoja angalau kilichopita kwenye cherehani ya jirani. Si kwa uzalendo. Ni kwa sababu mtumba mzuri huja mmoja tu, ukiuzwa umekwisha, wakati blauzi ya fundi inaweza kuagizwa na watu kumi. Kwa hiyo sketi ya mtumba ndiyo inayomvuta mteja, na blauzi ndiyo inayobaki kuuzwa. Fundi yule alikuwa peke yake. Sasa ana kijana wa kumkatia vitambaa. Kiwanda kinachotaka kuuza kitambaa cha Afrika Mashariki kwa wanawake wa Afrika Mashariki kinahitaji mtu wa namna hii kuliko kinavyohitaji bango barabarani. Na hapa niseme kero yangu: sijawahi kusikia kiwanda chochote cha nguo cha eneo letu kikimpelekea binti wa mpakani mita nne za kitambaa chake ili ashone na avae. Kitenge cha China kinamfikia bila kuombwa.

Tofauti za ushuru pia zinaonekana kwenye mavazi yenyewe, mtu akitazama vizuri. Ukifuatilia kurasa za Kigali utaona nguo mpya za kushonwa na mtumba adimu, maana mtumba kule ni ghali. Ukifuatilia za Nairobi utaona ustadi wa kuokota Gikomba, wanavyoita "kamera" ile nguo ya kwanza iliyo safi kuliko zote robota linapokatwa. Za Dar es Salaam zina dera, kijora na mishono ya kitenge ya kila namna. Mfanyabiashara mwenye akili anaweza kukaa nyumbani na kujua ni nini cha kupeleka wapi kwa kutazama mabinti thelathini wamevaa nini Jumanne. Zamani taarifa hiyo ilihitaji nauli na siku tatu za kulala gesti.

Na hapo ndipo ninapowageukia ninyi wasomaji wangu, mabwana na akina mama wa mizigo, kwa sababu serikali sizo peke yake zinazomkosea.

Mnaiba picha zake. Nasema mnaiba, maana sijapata neno jingine. Binti amepoteza asubuhi, ametumia bando lake, amevaa, na jioni picha ileile iko kwenye status ya mfanyabiashara wa mji mwingine, uso umekatwa, bei imepandishwa, na nguo hana. Mteja akilipa anatumiwa kitu kingine. Akilalamika, sura anayoikumbuka kutoka picha ya kwanza ni ya binti. Mwaka huu alipigiwa simu na mwanamke wa Moshi aliyemtukana kwa gauni ambalo hakuwahi kumwuzia.

Mnamlipa kwa nguo. Mwenye duka la jumla anampa magauni matatu ayavae na kuyapiga picha, anauza robota zima kwa picha hizo, kisha anamwachia gauni moja lenye zipu mbovu na kumwambia amemtangaza. Aliyemtangaza mwenzake ni nani hapo? Mpeni kamisheni, iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: picha moja kiasi fulani, kila nguo iliyouzwa kwa picha hiyo kiasi fulani. Mnaandikiana madeni ya mahindi, hamwezi kushindwa hili.

Halafu kuna huu ugonjwa wa "bei inboksi". Najua sababu zenu. Mnaogopa jirani asishushe bei, mnataka kumpima mteja kwanza. Lakini mteja aliye nchi nyingine, anayetazama kwa bando la shilingi mia tano, hana muda wa kubisha hodi inboksi na kusubiri mpaka jioni. Binti wa Namanga anaandika bei mbili, ya fedha za huku na ya fedha za kule, na anasema asilimia kubwa ya maswali yaliyokuwa yakimchosha yalikwisha siku alipoanza kufanya hivyo.

Vipimo ni hadithi ya peke yake. Namba ya 12 ya Uingereza ni namba 8 ya Marekani na ni 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na robota moja linaweza kuwa na zote tatu. Ile lebo ya XL kutoka China mara nyingi haimwenei mtu wa XL wa kwetu. Nguo ikikataa mwilini Kampala huwezi kuirudisha Arusha. Nauli na usumbufu vinakula faida yote. Binti alijifunza kwa hasara: gauni la tatu aliloliuza lilirudi, na shangazi alinuna wiki nzima. Tangu hapo ana utepe wa fundi shingoni kama daktari, na kila nguo huandikwa kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa sentimita. Doa akiliona analipiga picha pia. Nimewaona wafanyabiashara wakubwa, wenye miaka ishirini sokoni, ambao hawajafikia hapo.

Kuna na jambo ambalo wanaume wengi hawaliulizi. Sketi ile ilivuka magoti kwa sababu maalumu. Anapopiga picha kuna vijana wa stendi wanaopita, na chini ya picha kuna maneno ambayo huyafuta kabla shangazi hajayasoma. Uganda iliwahi kuwa na sheria ya 2014 ambayo watu waliitumia kuwavua wanawake nguo barabarani, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoifuta 2021. Nairobi mwaka huohuo wa 2014 wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa kwenye kituo cha matatu. Anayevaa kwa ajili ya macho ya nchi tatu anapima na hilo kila asubuhi, pamoja na mwanga.

Nikiwa mbele ya mezani pa wakubwa ningeomba machache. Mtu anayeuza nguo zake au za nduguye kwa picha, mauzo madogo, ahesabiwe mfanyabiashara mdogo kwa kitambulisho kilekile cha machinga au cha jua kali, na leseni za vyombo vya habari zibaki kwa wanaotoa habari. Utaratibu rahisi wa mpakani uwe na nafasi ya kifurushi kimojakimoja kinachoandikishwa kwa simu na kujumlishwa mwisho wa mwezi, ili blauzi iliyoshonwa Namanga isipite kwapani kama ya wizi. Na jibu la kitambaa cha nje kilichoshonwa hapa liandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, libandikwe dirishani kwenye kila kituo, mtu alisome kabla hajafunga safari.

Nilirudi Namanga wiki iliyopita. Ukuta wa chokaa umepakwa rangi ya kampuni ya simu, nyekundu kali, na nguo zote zilikuwa zinatoka na kivuli cha waridi. Binti alikuwa amehamia upande wa pili wa kibanda, kwenye mlango wa bati la kijivu ambalo jua hulifikia dakika ishirini baadaye. Wafuasi wamefika 702. Alikuwa amevaa dera la zambarau na kandambili, na kwapani ameshika blauzi nne zilizofungwa, anamtafuta mtu anayevuka.